Kususa Jeshi

Taufiki aliporudi Utende kutoka kwenye mafunzo ya uofisa, watu walidhani ni likizo, na Mwanamkuu, mama yake mzazi, hakuona haraka ya kuwasahihisha. Kijana kashuka bajaji na sanduku la bati, kichwa kimenyolewa, kifua mbele. Nani angethubutu kumuuliza? Jirani yao Bi Somoe alitoka mbio, kanga moja kiunoni na nyingine mkononi, akamwita Luteni, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Taufiki alitabasamu kama mtu mwenye jino bovu.

Likizo ikaingia wiki ya pili, ikaingia mwezi, na Utende ikamtumia ofisa wake ipasavyo. Katika harusi ya Abubakari aliwekwa kiti cha mbele akala sinia moja na shehe. Aliitwa kuamua kesi ya mbuzi waliokula mihogo ya watu. Mzee Kheri, ami yake, alimwomba avae zile nguo za jeshi apite tu, asiseme neno, mbele ya nyumba ya mtu mmoja mkaidi wa kulipa deni. Taufiki akajibu kwamba nguo za jeshi hazivaliwi likizoni, na jibu hilo likamzidishia heshima. Kumbe nguo zenyewe alikwisha kuzirudisha stoo, hadi soksi.

Mwanamkuu alijua. Alijua tangu chakula cha kwanza, alipomwona mwanawe anakula macho chini, asiulizie hata samaki. Alikuwa anangoja kuambiwa. Asubuhi moja, wawili hao wakianika mwani uani, alichoka kungoja.

"Likizo yako inakwisha lini, baba?"

Taufiki aliendelea kutandaza mwani kwenye turubai. "Haiishi."

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Nimeondoka mwenyewe."

"Umeondoka mwenyewe," Mwanamkuu alirudia, akakaa chini. "Haya, nieleze vizuri, maana mimi si mwanajeshi."

Basi akaelezwa. Taufiki alikuwa kiongozi wa bweni. Asubuhi moja mkufunzi akakuta kitanda kimoja hakijatandikwa, wala hakikuwa cha Taufiki, akamvua yeye uongozi mbele ya wenzake wote, akampa kijana mwingine ambaye hata saluti ilikuwa inamshinda. Damu ikamchemka. Akamwambia mkufunzi kwamba kama mambo yenyewe ndiyo haya, yeye anaondoka.

"Akasemaje?"

"Akasema, ofisi ya pili, mkono wa kulia."

"Nawe ukaenda."

"Nikaenda. Wakanipa karatasi nikatia saini. Mama, nilitembea polepole. Nilisimama nikafunga kamba za viatu. Nikazifungua, nikazifunga tena. Nilidhani wataniita." Akakung'uta mwani. "Mlinzi wa getini aliniuliza kama sanduku ni zito anisaidie kulitoa."

Kicheko kilimfika Mwanamkuu kooni, kisha kikageuka kitu kingine kabisa, akajikuta anafuta macho kwa ncha ya kanga. Maana alimwona mwanawe waziwazi, na nyuma ya mwanawe alimwona mumewe, Mfaume.

Kwao Utende mtu akisusa hubembelezwa. Akisusa chakula, huitwa jina la ukoo mpaka anyooshe mkono. Mke akisusa nyumba, wazee wa upande wa mume humfuata kwao wakiwa wamevaa kanzu, wakaongea mpaka kahawa iishe, wakarudi naye. Mgeni akiaga, hushikwa mkono na kuambiwa bado mapema, na ndiyo maana mwenye adabu huaga mapema kidogo ili apate muda wa kuzuiwa. Ni ustaarabu mzuri mno ukiwa na watu wanaoujua. Kazi ya kubembeleza nyumbani kwa Mfaume ilikuwa ya Mwanamkuu, na hakuna mwezi aliolipwa.

Mfaume alikuwa bingwa wa kususa. Zamani alikuwa nahodha wa boti ya watalii kwenye hoteli moja pale ghubani. Siku aliyochelewa kazini, meneja akampa mwenzake usukani kwa safari ile moja, Mfaume akasema basi anaondoka, meneja akasema sawa. Miaka sita sasa anakaa barazani kila alasiri, uso barabarani, anangoja meneja aje. Meneja alikwisha kurudi kwao Ulaya, wakaja wengine wawili baada yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Mfaume. Nyumba ilikuwa inakula mwani wa Mwanamkuu na mkate wa kumimina aliouza asubuhi.

"Sasa unataka nini?" alimuuliza mwanawe.

"Nataka kurudi. Wilayani wanapokea majina, Ijumaa ndiyo mwisho. Mwakani umri utakuwa umenipita, mama. Sina pengine pa kwenda na hii digrii yangu. Nimeomba kazi mpaka nimeona haya."

"Basi nenda huko Kilindoni kaombe."

Taufiki akachambua vijiti kwenye mwani. "Nitaanzaje?" alisema. "Mtu hajirudishi mwenyewe."

*

Mfaume alipoambiwa hakukasirika kwamba mwanawe kaacha jeshi. Alikasirika kwamba jeshi halijaja.

"Mwezi mzima! Hata mtu mmoja? Hata kupiga simu?"

"Hata ujumbe," alisema Taufiki.

"Watu wasio na malezi," alisema Mfaume, akaagiza ndugu yake Kheri aitwe.

Mzee Kheri alikuwa ndiye msemaji wa ukoo. Hakuna posa wala ugomvi wa unyumba uliopita Utende bila yeye kuvaa koti lake juu ya kanzu. Alisikiliza suala lote, akanywa kahawa, akalipima.

"Aliyeondoka nani?" aliuliza. "Sisi. Basi katika jambo hili sisi ndio mke. Jeshi ndilo mume. Kwa kawaida mume ndiye anayetuma wazee."

"Jeshi halina wajomba, shemeji," alisema Mwanamkuu kutoka mlangoni.

"Kila mtu ana wajomba."

"Litamtuma nani Utende? Mizinga?"

Mfaume alimkata mkewe jicho. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na baada ya kahawa ya pili Mzee Kheri alipata njia: wataenda, ila wataenda kama watu waliopita tu njia, na kapu la zawadi ndogo tu. Halua kidogo, kashata, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Sababu ya kijana kuondoka itakuwa homa ya matumbo, kwa kuwa homa ya matumbo haimvunjii mtu heshima. Taufiki mwenyewe asiseme kitu. Posa, mwenye posa hasemi.

"Hii si posa, ami," alisema Taufiki.

"Ndiyo maana ulifanya ulivyofanya," Mzee Kheri alimjibu. "Hujui mambo."

Nauli ya bajaji ya watu wanne kwenda na kurudi ilitoka kwenye mkebe wa Mwanamkuu, na jogoo alikuwa wake pia. Kwa hiyo alipoambiwa wanawake hawaendi kwenye mazungumzo, alijibu kwamba yeye anakwenda na kapu lake, na kapu haliwezi kwenda peke yake.

*

Kapteni Edwin, ofisa aliyekuwa anaandikisha vijana wilayani, alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye miwani na meza isiyo na kitu ila kompyuta. Aliwaamkia wazee shikamoo wote wawili, akawapa viti, akatazama saa ya ukutani. Kumbe hilo lilikuwa kosa, maana Mzee Kheri alikuwa hajaanza.

Alianza na kumshukuru Mungu. Akaendelea na mvua, akaulizia hali ya Kapteni, ya nyumbani kwa Kapteni, na ya Bukoba kwa ujumla. Akasema udugu ni kitu kikubwa, na kwamba hata vikombe ndani ya kabati hugongana. Kapteni Edwin alimgeukia karani wake.

"Devotha, wazee hawa wamekuja kwa posa? Ofisi ya ustawi wa jamii ni jengo la nyuma."

"Hapa hapa ndipo," alisema Mfaume, akafanya ishara ya mkono. Mwanamkuu akasogeza kapu mbele. Jogoo akatoa kichwa.

"Hii nini?" Kapteni alirudisha kiti nyuma. "Mzee, mnanipa rushwa?"

"Halua," alisema Mzee Kheri, kwa uchungu wa kweli. "Rushwa huwa haina ufuta."

Devotha aliinamia mashine yake ya kuchapa, mabega yakitikisika. Mwanamkuu aliona aibu inampanda mpaka masikioni. Mwanawe alikuwa amesimama ukutani na suruali yake nzuri, anatazama vidole vya miguu yake, na wazee wawili wanampigania kama shamba la minazi.

Mwishowe jina likatajwa. Kapteni aliingia kwenye kompyuta, akasoma, akavua miwani.

"Huyu kozi ya uofisa aliiacha kwa hiari yake."

"Homa ya matumbo," alisema Mfaume.

"Hapa pameandikwa kwa hiari." Aliwatazama, na sauti yake haikuwa mbaya. "Wazee wangu, niseme ukweli. Uofisa siwezi kumpeleka tena, mlango huo umefungwa. Lakini nafasi za ukuruta ninazo, imebaki moja. Ataanza chini kabisa kama wenzake waliomaliza kidato cha nne, atafagia, atakimbia. Akifanya vizuri huko mbele ataonekana. Naandika jina?"

Mwanamkuu aliinua uso. Nafasi ipo! Alimwona Taufiki naye anainua uso. Ila Mfaume alikuwa amekwisha kuitazama ile ahadi kama anavyotazama mtu mahari inapotajwa kwa mara ya kwanza, na mahari ya kwanza haipokelewi. Ukiipokea, wewe una njaa. Unakataa, wenzako wanacheka, wanaongeza, mnakutana katikati. Hata mtoto wa Utende anajua.

"Hilo hatulipokei," alisema Mfaume, akakunja mikono kifuani, akingoja waongeze.

"Sawa," alisema Kapteni Edwin, akaufunga ukurasa.

Mzee Kheri alikohoa. Mfaume alisema, "Basi sisi tunaondoka," na Kapteni akasema, "Karibuni tena."

Wakaondoka. Mwanamkuu hakuwahi kuona watu wanaondoka vile. Mfaume alisimama kwa vituo, mguu mmoja kisha mwingine. Mzee Kheri alitafuta fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Mlangoni walivaa viatu, Mzee Kheri akakosea, kushoto kulia, akavivua akaanza upya. Nyuma yao walisikia kijiko kikikoroga chai.

"Msigeuke," alinong'ona Mfaume walipofika nje. "Ukigeuka, umeshindwa."

Walikuwa hawajafika barabarani mlango ukafunguka na viatu vya kisigino vikaja mbio. Uso wa Mfaume ulichanua. Akampiga ndugu yake kiwiko, akasimama, akageuka taratibu kama mtu aliyesumbuliwa.

"Wazee!" Devotha alikuwa anahema. "Mmesahau kapu."

*

Alilipokea Mwanamkuu. Jogoo alikuwa mzima, na halua haikuguswa. Taufiki alisimama katikati ya njia, akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, na Mwanamkuu aliyajua macho yale. Yalikuwa yanaomba mtu aseme neno ili yeye apate kulitii.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi nimebembeleza watu wazima tangu niolewe. Nimechoka, mwanangu. Wewe ndiye unayeitaka kazi."

"Mwanamkuu!" alisema Mfaume.

"Nimechoka, baba Taufiki. Nimesema."

Taufiki aligeuka, akarudi ofisini. Hakutembea polepole. Baba yake alimwita kwa jina lake lote, na watu waliokuwa wamepanga foleni ya vitambulisho nje ya jengo la pili wakageuka kutazama mzee mwenye kanzu anavyoachwa na mwanawe. Mwanamkuu alimfuata kijana mpaka dirishani, akasimama hapo na kapu, akisikiliza.

"Mzee wako amekataa," Kapteni alikuwa anasema.

"Mzee hakuomba kazi, afande. Ninayeomba ni mimi."

"Ukuruta?"

"Hata ukuruta."

"Haya, nieleze. Ulikuwa na homa ya matumbo?"

Dirishani Mwanamkuu alifumba macho.

"Sikuwa na homa, afande. Nilisusa."

"Ulifanya nini?"

"Nilinyang'anywa uongozi wa bweni, nikasusa. Nilidhani nikisema naondoka mtanizuia. Hamkunizuia."

Kijiko kilikuwa kimenyamaza. Devotha naye hakugonga mashine.

"Ulitaka tukuzuie," alisema Kapteni, neno kwa neno. "Jeshi zima."

"Hata mtu mmoja angetosha, afande."

"Na huko unakotaka kwenda utanyang'anywa mengi. Utanyang'anywa usingizi. Utasimamishwa juani kwa kosa la mwenzako. Ukinyang'anywa tena?"

Mwanamkuu aliomba kimoyomoyo mtoto asitie homa nyingine humo.

"Nitanuna, afande," alisema Taufiki. "Siwezi kukudanganya, nitanuna. Lakini nitanuna nikiwa kwenye foleni."

Kapteni Edwin hakucheka. Alivaa miwani, akauliza jina la pili linaandikwaje.

*

Habari zilifika Utende kabla ya bajaji. Bi Somoe alikuwa uani kwake, akapaza sauti kumuuliza Mwanamkuu ni kweli Luteni anakwenda kuwa kuruta, na kama ndivyo, lile sinia alilokula na shehe litahesabiwaje. Mwanamkuu akamwambia lihesabiwe deni, atalilipa akipata cheo. Bi Somoe akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akaleta sabuni miche miwili ya kijana kwenda nayo. Mzee Kheri alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo alishauri ukuruta.

Mfaume hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa amesusa. Alisusa wali, akasusa chai, akahamishia mkeka wake chumba cha nje. Ukimsalimia alijibu kwa kukohoa. Mwanawe kamvunja mbele ya mgeni wa bara, mkewe kasimama upande wa mtoto, na mpaka waje wote wawili wapige magoti, yeye hana nyumba. Kila alasiri Mwanamkuu alimwona barazani, na kila alasiri ulimi ulimwasha kwa mazoea. Alimpelekea chakula akakiweka karibu, hakusema karibu wala kula. Alfajiri alikuta sahani iko tupu na imefunikwa vizuri.

Taufiki alikwenda mara mbili kumwomba radhi. Mara zote mbili Mfaume aligeukia ukuta, na kijana akatoka machozi yanamlenga. "Nimemdhalilisha, mama," alisema.

"Umemkatalia," alisema Mwanamkuu. "Hajazoea, atazoea."

Siku ya safari bajaji ilikuja mapema kwa ajili ya boti. Sanduku la bati likapakiwa. Mfaume alikuwa barazani, wala si kwa nguo za kushindia: alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya viua, viatu vya Ijumaa, na manukato aliyojipaka yalifika mpaka kwa dereva. Kila kitu tayari, isipokuwa mtu wa kumwambia twende.

Taufiki aliinama akabusu mkono wake. "Shikamoo, baba. Naondoka."

"Marahaba." Mfaume alitazama paa. "Nenda tu. Mimi siendi popote."

Palepale ndipo mahali pa Mwanamkuu. Maneno aliyajua kwa moyo: haya baba Taufiki, shetani mbaya, inuka, mtoto ni wako. Angesema mara tatu, mzee angekataa mara mbili. Mdomo ulishafunguka. Dereva akapiga honi. Mwanamkuu alimtazama mumewe aliyependeza vile, akamwonea huruma, akajua pia kwamba akisema leo atasema kila siku mpaka azikwe, na mwanawe atakwenda huko alikokwenda akiwa amejifunza tena yale yale.

"Haya, kaa," alisema. "Uji uko jikoni."

Akapanda bajaji, akakaa karibu na mwanawe, akamwambia dereva aondoke. Hakutazama nyuma. Taufiki naye alikaza macho mbele.

Walipopita nyumba ya Bi Somoe dereva aliinua macho kwenye kioo.

"Mama, mzee anakuja nyuma. Anakimbia. Nisimame?"

Taufiki aligeuka. Mwanamkuu hakugeuka, ila alisikia viatu vya Ijumaa vikigonga lami, na Bi Somoe akipiga vigelegele uani kwake.

"Nenda polepole," alisema. "Lakini usisimame."

Mfaume aliidaka bajaji karibu na kona. Alishika chuma, akaning'inia, akajitupa ndani juu ya magoti ya mwanawe, kofia mkononi, kanzu imepanda, jasho na manukato kwa pamoja. Alihema muda mrefu. Hakuna aliyesema pole, wala aliyecheka.

"Nina shughuli zangu Kilindoni," alisema alipopata pumzi. "Msidhani nimewafuata nyinyi."

"Hatujadhani, baba," alisema Taufiki, akasogea, akamzungushia mkono mgongoni asidondoke.

Mwanamkuu aligeuzia uso kwenye minazi. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapakuwa na mtu ndani ya chombo kile aliyekuwa anangoja neno kutoka kwake.